Ajali kubwa ikitokea usiku barabara kuu, sisi wahudumu wa afya tumejiandaa kweli au tunaomba Mungu tu?

#1 NesiWaTanzam
Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa uzito maana linaniuma. Mi ni muuguzi kituo cha afya kimoja kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, jina la kituo sitalitaja. Semina za maafa tunaitwa, tunakaa ukumbini, tunasaini, tunarudi na kijitabu. Halafu siku basi linapinduka saa nane za usiku mko wawili zamu, wewe na mhudumu mmoja, unakimbilia ukutani kwenye orodha ya simu za dharura unakuta nusu ya majina ni watu walishahama, mmoja yuko Katavi, mwingine kastaafu, namba nyingine haipatikani.

Aliyetuokoa usiku ule ni mama mmoja nesi mstaafu anayekaa nyuma ya kituo. Hakuna aliyempigia. Alisikia magari yanavyopiga honi akajifunga kitenge akaja, akaanza kupanga watu, huyu hapa yule kule, na kelele zikatulia. Tangu astaafu hajawahi kuitwa semina hata moja.

Dai langu ni hili: utayari wetu haupo kwenye vijitabu, upo kwa watu waliowahi kuyaona, na watu hao hatuwatunzi wala hakuna anayeuliza wanalalaje baada ya pale. Nyie mnaonaje, kinachotuangusha ni mazoezi, vifaa au watu?

#2 KijanaWaSoweto
Nimekaa siti ya mbele, wajuzi waje. Soweto ya Mbeya jamani sio ile nyingine.

#3 MzeeTabibu
Pole na hongera mwanangu. Nimekuwa afisa tabibu mpaka nikastaafu, niko Rungwe nalima, na huyo mama wa kitenge namwelewa sana. Alichofanya ni triaji, yaani kupanga majeruhi kwa uzito wa hali zao, na haitaki mashine. Anayeweza kutembea mwambie akakae pale chini ya mti, huyo ni kijani, anaweza kusubiri. Aliyebaki hesabu pumzi, zikizidi 30 kwa dakika ni mwekundu, huyo ndio wa kwanza kuhudumiwa. Bonyeza ukucha, damu ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2 ni mwekundu. Mwambie "nishike mkono", akishindwa kufuata ni mwekundu. Waliobaki njano. Asiyepumua hata ukimfungulia njia ya hewa, kwa wakati ule ni mweusi na unampita. Hapo ndipo vijana wanakwama, na sio kwamba hawajui, ni moyo unakataa kumpita mtu aliyelala mbele yako.

Halafu kuna jambo semina hazilisemi kwa nguvu. Wanaofika kituoni kwanza sio mahututi. Wanaofika kwanza ni walioumia kidogo, maana ndio wanaoweza kupanda bodaboda na Noah zinazopita. Wanajaza vitanda, wanatundikiwa dripu zote, halafu baadae ndio inafika gari na wale waliokuwa wamebanwa chini ya siti, huna pa kuwalaza wala cha kuwawekea. Kwahiyo dakika kumi za kwanza ukizipoteza kwa kushona vidonda vya mkono, umepoteza usiku mzima.

#4 NesiWaTanzam
Shikamoo mzee. Hilo la wa kwanza kufika ni kweli tupu, ndivyo ilivyokuwa.

#5 FundiMitungi
Mi ni fundi wa vifaa tiba, naona mnaongelea moyo, ngoja niongelee mtungi. Mtungi mkubwa wa oksijeni una kama lita 6,800. Mgonjwa mmoja kwa lita 5 kwa dakika anakaa nao saa 22 na ushee. Sasa majeruhi wa kifua anataka barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, mtungi uleule unaisha kwa saa saba na nusu. Wakiwa wanne kwa mtungi mmoja mmoja, mpaka asubuhi umemaliza mitungi minne, na vituo vingi nilivyopita vina miwili na mmoja ni mtupu kwasababu hakuna aliyeuangalia. Konsentreta, zile mashine za kuvuta oksijeni kutoka hewani, zipo ndio ila zinataka umeme. Jenereta ipo, dizeli ukiuliza unaambiwa imeandikiwa barua. Kwahiyo nesi mi nasema vifaa kwanza, hao watu hodari watafanya nini mikono mitupu?

#6 KamweneTena
Kamwene wote. Fundi nakuunga mkono nusu. Mi niko Mafinga, ile ajali ya Changarawe ya 2014 kontena lilipolalia basi, waliofika mwanzo kabisa ni wananchi wa pale na madereva, vifaa vya hospitali visingesaidia kitu maana kilichotakiwa ni kreni ya kunyanyua kontena.

#7 MtuWaTakwimu
Mkuu #6 rekebisha, ilikuwa 11 Machi 2015, walifariki zaidi ya 40. Hoja yako inasimama lakini mwaka sio huo.

#8 KamweneTena
Sawa mkuu, 2015. Asante.

#9 DerevaWaKitonga
Mi ni dereva wa lori, Dar mpaka Lubumbashi, sio mtu wa afya ila naomba nichangie maana nyie mnatupokea sisi. Mnaongelea mabasi tu. Barabara hii inapitisha mafuta ya Zambia na Kongo, inapitisha salfa, inapitisha kemikali za migodi. Nesi akija kwenye ajali yetu anakimbilia mtu moja kwa moja. Mdogo wangu, kabla hujasogea tafuta kibao cha rangi ya chungwa mbele au nyuma ya gari. Kina namba juu na chini, ya chini ndio inakwambia mzigo. 1203 ni petroli. 1202 ni dizeli. 1830 ni asidi ya salfuriki. Sio magari yote yanakibandika inavyotakiwa, na hilo ni kosa letu wa barabarani, ila kikiwepo kisome. Na ukimuona utingo anakimbia bila kuangalia nyuma na wewe kimbia, usiulize.

#10 NesiWaTanzam
Kaka asante sana, hii sijawahi kuisikia semina yoyote. Naziandika leo leo ukutani.

#11 SwitiUyole
Dereva kasema kweli kabisa. Mnakumbuka Msamvu Morogoro 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka watu wakaenda kuchota, likalipuka, walikufa zaidi ya 100. Sasa hebu fikiria ile ingetokea huku Mbeya, Mlima Nyoka au pale Iwambi kwenye mteremko. Walioungua vibaya Msamvu walipelekwa Muhimbili, kutoka Morogoro sio mbali sana. Kutoka huku kwetu unampeleka wapi mtu wa hivyo usiku huohuo, na mlimani Kitonga kukiwa na foleni ya malori?

#12 DoktaMdogo
Niko intaniship, nimepita wodi ya majeruhi wa moto, hapo kwenye kuungua naomba tupige hesabu tuone fundi wa #5 anaongea nini. Mtu mzima wa kilo 70 kaungua asilimia 40 ya mwili. Fomula tunayotumia ni mililita 4 mara kilo mara asilimia, unapata mililita 11,200 kwa saa 24, nusu yake inaingia ndani ya saa 8 za kwanza tangu afike wodini. Hiyo ni lita 11 na kitu kwa mtu mmoja. Wakiwa kumi ni lita 112, chupa za nusu lita 224. Nendeni stoo ya kituo chenu leo mkahesabu dripu za Ringa mlizonazo mniletee majibu hapa.

#13 MzeeTabibu
Daktari mwanangu hesabu nzuri, ila rekebisha sehemu moja na ni kubwa. Saa 8 zinaanza kuhesabiwa tangu alipoungua, sio tangu alipofika wodini. Kama kaungua saa mbili usiku kakufikia saa tano, umebaki na saa 5 za kuingiza zile lita 5.6. Huku kwetu umbali ulivyo, hilo ndilo linalomaliza figo za watu. Na anayeokoa eneo la tukio amwagie maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, sio dawa ya meno wala ute wa yai wala unga.

#14 DoktaMdogo
Kweli mzee, tangu aungue. Wanaosoma #12 wasome na #13.

#15 BintiMakete
Dakika 20 za maji Mbeya sawa, Makete mwezi wa saba usiku maji yana barafu, ukimwagia mwili mzima umemuua kwa baridi. Poza palipoungua, kwingine kote funika. Na hapa ndio naleta langu ambalo hamjalisema toka uzi uanze: mablanketi. Sisi watu wa baridi maafa yetu ni tofauti na ya Dar. Majeruhi kalala kwenye umande Makambako au Mafinga, nguo zimekatwa na mkasi, kalowa damu, mnamweka kwenye gari madirisha wazi. Mwili ukishapoa damu haigandi vizuri, mnatundika dripu ambayo nayo imelala stoo ya baridi, mnampoza zaidi, anaendelea kuvuja mnashangaa. Blanketi zito bei yake unaijua, halihitaji umeme wala mafunzo. Kwanini kwenye ile listi ya vifaa vya maafa kila kitu kipo isipokuwa blanketi?

#16 KijanaWaSoweto
Binti Makete wewe peke yako umefanya nifunge dirisha. Ila point.

#17 NdiziTukuyu
Hahaha wa Makete wakipata nafasi lazima waseme baridi, sisi Tukuyu mvua tumeizoea hatujawahi kulalamika. Kwa uzito lakini, hapo nakazia, gari la wagonjwa likija angalieni kwanza lina shuka ngapi.

#18 NyumbaniKyela
Nyie mnaongelea ajali tu kama vile maafa ni ajali. Kyela kila masika maji yanatuzunguka. Hapo hakuna majeruhi hata mmoja lakini zahanati imekuwa kisiwa, nesi yupo ndani, wagonjwa nje, friji ya chanjo inatakiwa ibaki kati ya nyuzi 2 na 8 na umeme hakuna, na baada ya maji kinakuja kipindupindu. Ajali ni usiku mmoja, mafuriko na kipindupindu ni wiki kwa wiki unachanganya klorini, asilimia 0.05 ya mikono, kali zaidi ya sakafu na vitanda, huku na nyumba yako mwenyewe ina maji mpaka magotini na watoto umewapeleka kwa bibi. Nesi mleta uzi unauliza mazoezi, vifaa au watu. Mi nauliza, nesi ambaye naye ni mhanga wa mafuriko yaleyale tunamhesabu upande gani?

#19 NesiWaTanzam
Dada umenigusa. Hilo ndilo nililoshindwa kulisema vizuri kwenye #1.

#20 MwalimuWaItezi
Nyumbani Kyela umesema. Aprili 2024 udongo wa mlima Kawetele uliposhuka huku Itezi, nyumba zilifunikwa, na ule mlima tunauona kila siku hatukuwahi kuuwazia. Kuna jirani yangu anafanya kazi hospitali, alikuwa anatoa vitu vya ndugu zake kwenye tope mchana, jioni anaenda zamu. Nilimuuliza kwanini huombi ruhusa, akasema nikiomba nani ataingia. Watu wanaita huo ni ujasiri, mi nilikuwa namwangalia usoni naona mtu anamalizika.

#21 AfisaUtumishi
Sasa naomba niseme ambalo halipendezi. Mimi niko halmashauri, sitasema ipi. Tatizo kubwa ni uhamisho. Unafundisha timu ya dharura ya watu wanane, mwaka wa pili wamebaki watatu. Wameolewa, wameenda kusoma, wamefuata familia, wamepandishwa. Hakuna ubaya, ni haki yao. Lakini mafunzo yanafanywa kwa mtu na sio kwa kituo. Ukifundisha mlinzi, dereva, mtu wa usafi na mama wa mapokezi, hao hawahami, wako hapo miaka ishirini. Na bado hao ndio hatuwaiti.

#22 FundiMitungi
Hatuwaiti kwasababu posho ya semina ina wenyewe. Tuseme ukweli.

#23 AfisaUtumishi
Sikatai.

#24 MamaWatotoWawili
Mi muuguzi Iringa. Naomba niongezee moja ndogo kwenye hilo la kuitwa usiku. Mna simu, mna orodha mpya, sawa. Unanipigia saa nane, mume yuko safarini, watoto wako usingizini, dada wa kazi hayupo. Nani anabaki nao? Sijawahi kukataa kwenda ila nimewahi kwenda na mtoto mgongoni, akalala kwenye kiti cha mapokezi huku watu wanapitishwa wana damu. Kama kituo kingekuwa na chumba kimoja na mama mmoja wa kuangalia watoto wa wafanyakazi siku za hivyo, nusu ya wanaochelewa wangefika.

#25 DerevaWaKitonga
Dada Mungu akubariki, sisi huwa tunajua mnakuja tu kama mko ghorofani mnasubiri.

#26 KaunselaWaNjombe
Habari zenu. Nimesoma wote, mtu mmoja tu ndio kauliza wanalalaje, mleta uzi. Ushauri wangu ni kwamba baada ya tukio kubwa timu nzima ikalishwe siku ileile, kila mtu aeleze alichoona mwanzo mpaka mwisho, atoe yote. Ukiacha linakaa ndani linaoza.

#27 DaktariWaAkili_Mby
Kaunsela naomba nikupinge kwa heshima kwasababu watu watalibeba hili. Kile kikao cha kulazimisha kila mtu asimulie yote mara moja kilipimwa, na Shirika la Afya Duniani kwenye miongozo ya 2013 lilishauri kisitumike, hakizuii mtu kuumia akili baadae na kuna tafiti zilizoonyesha kinaweza kumzidishia. Kinachoshauriwa ni chepesi: hakikisha yuko salama, kala, kaoga, kapata usafiri wa kurudi, mwenzake anajua yuko wapi. Anayetaka kuongea asikilizwe, asiyetaka asilazimishwe. Halafu baada ya wiki kadhaa umuangalie tena, usingizi unarudi? anashtuka? pombe imeongezeka? hapo ndio mtaalamu aingie. Wengi watakuwa wazima kabisa bila dawa yoyote, wachache hawatakuwa, na hao wachache ndio tunaowakosa kwasababu baada ya wiki kadhaa hakuna anayekumbuka kuuliza.

#28 KaunselaWaNjombe
Nakuheshimu daktari ila mi nimeona vikundi vya akina mama wakiongea wakapona, kwa macho yangu.

#29 DaktariWaAkili_Mby
Waliotaka wenyewe kukaa pamoja ni tofauti na waliokalishwa. Tukutane hapo.

#30 KakaWaTheatre
Mi natokea chumba cha upasuaji. Sijawahi kuandika hili popote. Baada ya ajali moja nilifanya kazi vizuri kabisa, nikasifiwa. Miezi ikapita nikawa siwezi kusikia honi ya basi usiku bila kuamka na kuvaa viatu. Sikumwambia mtu, maana mwanaume wa theatre utaanzaje. Aliyenisaidia ni mlinzi wetu wa getini, mzee wa Kihehe, yeye naye alikuwepo usiku ule anafungua geti. Tukawa tunakunywa chai pamoja kabla ya zamu, hata hatuongelei ajali, tunaongea mahindi na bei ya mbolea. Nikaanza kulala. Sijui kitaalamu inaitwaje.

#31 BintiMakete
Kaka asante kwa kuandika. Pole sana.

#32 MzeeTabibu
Ubarikiwe mwanangu. Na huyo mlinzi je, yeye nani alimuuliza?

#33 MpingaWote
Mi naona mnatafuta mchawi. Mazoezi mazoezi. Wenzetu Kagera walipopata Maburgi, ule ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, 2022 hawakuwa na vifaa vya ajabu, waliibana ikaisha kwasababu walikuwa wamezoezwa kwa tishio la Ebola la jirani Uganda. Sisi tukifanya zoezi moja la kweli kwa mwaka, usiku, bila taarifa, na watu wamepakwa rangi nyekundu wamelala barabarani, haya mengine yote yatajionyesha yenyewe, mtungi mtupu, orodha mbovu, blanketi, mtoto wa nesi.

#34 MtuWaTakwimu
Hoja nzuri, ila ilitangazwa Machi 2023, wagonjwa 9, wakafariki 6, na aliyekufa mmojawapo alikuwa mhudumu wa afya mwenzetu. Kwahiyo tusiseme "waliibana ikaisha" kirahisi, kuna mtu alilipa.

#35 FundiMitungi
Zoezi bila vifaa ni maigizo. Nimesema.

#36 MpingaWote
Na vifaa bila zoezi ni stoo iliyofungwa funguo anazo mtu yuko likizo. Na mimi nimesema.

#37 SwitiUyole
Wanaume wawili wa Mbeya wakibishana hatulali leo. Tuachane kidogo na hilo, mna wazo gani kuhusu damu? Watu wanakimbilia kuchangia siku ya ajali, wakati damu inatakiwa ipimwe kwanza kabla haijamwingia mtu. Ile inayookoa usiku ule ni iliyotolewa wiki iliyopita. Na inakaa siku 35 tu, kwahiyo ukichangia Januari kwa ajili ya Pasaka haipo.

#38 DoktaMdogo
Kweli kabisa, na shule zikifunga akiba inashuka maana wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Likizo ya Desemba ndio na mabasi yanajaa.

#39 DerevaWaKitonga
Sisi madereva tupo mizani tunakaa masaa. Leteni meza ya kuchangia damu pale tutatoa.

#40 NesiWaTanzam
Kaka hilo nalibeba kwa mganga mfawidhi kesho. Nina swali lingine wakuu kabla sijaingia zamu. Ile 115 ya m-mama, ambayo gari la wagonjwa likiwa mbali wanamwita dereva jamii wa karibu, imewekwa kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Wale madereva wanajulikana, wana namba, wako tayari usiku. Kuna kituo kimewahi kuwaomba wasaidie ajali?

#41 NyumbaniKyela
Kwetu wanasaidia kienyeji ila hawalipwi, na siku hiyo mama mwenye uchungu akipiga gari halipo. Usilitazame upande mmoja.

#42 AfisaUtumishi
Hilo linatakiwa liamuliwe na kamati ya maafa ya wilaya, mwenyekiti ni DC, mkuu wa wilaya. Sheria ya maafa ya 2015 inasema kamati ziwepo mpaka kijijini.

#43 MtuWaTakwimu
Ya 2015 imeshafutwa, iliyopo ni ya 2022. Kamati mpaka kijiji na mtaa ni kweli zimo.

#44 KamweneTena
Sasa ngoja niwaulize wa kamati. Ajali ikitokea Igawa pale, upande huu Mbarali mkoa wa Mbeya, upande ule Wanging'ombe mkoa wa Njombe, nani anaanza kupiga simu? Maana nimeshuhudia magari mawili ya wagonjwa yanasubiriana.

#45 AfisaUtumishi
Anayepata taarifa kwanza.

#46 KamweneTena
Hiyo ni ya mdomoni mkuu, imeandikwa wapi? Na damu inatoka benki ya nani?

#47 DerevaWaKitonga
Niko Igawa sasa hivi nimepaki. Kesho nikiamka nauliza vituo vyote viwili wana namba za simu za wenzao au hawana, nawaletea majibu.